Sakafu kwanza, mashine mwisho: hotuba kwa wenye depo wa Lubumbashi kuhusu forklifti za njia nyembamba

Wakubwa wa depo, mashefu wa stoki, mafundi, madereva wa klarki (forklifti), wababa na wamama mlioacha kazi zenu asubuhi hii, jambo zenu wote.

Tumeombwa tuzungumze juu ya forklifti za njia nyembamba, zile zinazofanya kazi kati ya rafu mahali ambapo klarki ya kawaida haiwezi hata kukata kona. Wengi mmekuja na swali moja: tununue ipi? Tutalijibu, ila si sasa hivi. Mashine hununuliwa mwisho. Inatanguliwa na sakafu, paleti na umeme. Mwenye depo anayeanza na mashine huishia kuvunja betoni yake ili aifurahishe mashine, na hiyo ni gharama ambayo haikuandikwa kwenye proforma.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayowavuta watu. Chukua hangari yenye upana wa mita 30 kwa ndani. Paleti ni ya milimita 1200 kwa 1000, imeingizwa rafuni kwa urefu wake wa 1200. Safu mbili za rafu zilizopeana mgongo, pamoja na upenyo wa sentimita 10 kati ya mizigo, zinakula mita 2.5. Ongeza njia. Klarki ya kawaida, ile yenye jiwe la uzito nyuma, inataka kama mita 3.7. Jumla ni 6.2, kwa hiyo mita 30 zinatoa njia nne, yaani safu nane. Forklifti ya mlingoti unaosogea (mlingoti ni ile nguzo inayopandisha uma), ambayo tutaiita richi, inatosheka na mita 2.8, jumla 5.3, unapata njia tano, safu kumi. Ile yenye kiungo katikati inafanya kazi kwenye mita 2.1, jumla 4.6, njia sita, safu kumi na mbili. Tareti, ambayo uma zake huzunguka pembeni bila mashine yenyewe kugeuka, inapita kwenye mita 1.7, jumla 4.2, njia saba, safu kumi na nne.

Safu nane au kumi na nne, chini ya bati lile lile. Kwa hesabu hiyo kila mtu angekimbilia tareti. Sasa tuseme yale ambayo muuzaji huyapitia haraka.

Tareti haigeuki ndani ya njia, kwa hiyo ili ihame kutoka njia moja hadi nyingine inahitaji uwanja wa mita 4 hadi 5 mwishoni mwa rafu. Hangari fupi inapoteza hapo sehemu kubwa ya kile ilichokipata kwenye upana. Halafu kuna nguzo za paa. Nguzo ikiangukia katikati ya njia, mpango mzima umekufa. Lazima ifichwe kwenye ule mgongo kati ya safu mbili, na nguzo nene inapanua mgongo huo katika hangari nzima. Chora nguzo kwanza kwenye karatasi, rafu baadaye.

Na kimo. Paleti yenye mzigo wa mita 1.5, boriti ya rafu ya sentimita 12 na upenyo wa sentimita 10 juu ya mzigo ni karibu mita 1.72 kwa kila ngazi. Paa likiwa na mita 6 tupu, unapanga paleti tatu kwenda juu, basi. Uma hazivuki mita 4. Tareti imetengenezwa kwa kazi ya mita 10 na zaidi. Kuileta kwenye hangari ya mita 6 ni kulipia mlingoti ambao hautafunguka hata nusu. Pima pia kimo cha mlango na cha mlingoti ukiwa umefungwa. Mashine imewahi kulala nje kwa sababu ya sentimita tano za kizingiti.

Tueleze kwa ufupi jinsi mashine hizi zinavyofanya kazi. Klarki ya kawaida inabeba mzigo mbele ya magurudumu, na jiwe la nyuma linaupinga; ndiyo maana ni ndefu na inataka nafasi ya kugeuka. Richi ina miguu miwili iliyonyooshwa mbele. Mlingoti husogea kwenda kuchukua paleti, halafu hurudi nayo hadi kati ya miguu. Mzigo ukiwa ndani ya magurudumu, mashine inakuwa fupi na imara. Dereva anakaa upande, anatazama mbele na nyuma bila kujinyonga shingo. Ya kiungo ni klarki ya kawaida iliyokatwa katikati ikawekewa bawaba: sehemu ya mbele, pamoja na mlingoti, inapinda karibu nyuzi 90 na kuingiza paleti rafuni huku mwili umebaki umenyooka kwenye njia. Mashine za namna hii zimekuzwa zaidi Uingereza na Ayalandi. Majina mtakayokutana nayo ni Bendi, Flexi na Aisle-Master. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inashusha kamyo (lori) uani na kupanga rafuni, mashine moja kazi mbili. Richi haitoki nje. Magurudumu yake madogo ya poliurethani (plastiki ngumu) hayajui changarawe.

Tuingie kwenye sakafu, na hapa tutakaa kidogo.

Chukua mashine yenye mita 1.2 kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Gurudumu moja likiwa chini ya mwenzake kwa milimita 4, hakuna atakayeona kwa macho. Mlingoti ukipanda mita 9, gawanya 9 kwa 1.2, unapata 7.5, zidisha kwa 4. Ncha ya mlingoti imehama milimita 30. Kwenye njia ya tareti, nafasi kati ya mzigo na rafu ni kama milimita 100 kila upande. Umeshakula karibu theluthi mashine ikiwa imesimama tu. Ikianza kutembea, mlingoti unayumba na kuongeza. Ndiyo sababu Ulaya wana viwango maalum vya sakafu za mashine hizi, kama DIN 15185 ya Ujerumani na EN 15620. Sakafu iliyopigwa kwa jicho na ubao haiwezi kuvifikia.

Kupima si kazi ngumu, ila inataka uvumilivu. Piga mistari miwili ya chaki mahali hasa magurudumu yatakapopita. Weka alama kila sentimita 30. Soma kimo cha kila alama kwa nivo au leza inayosoma milimita. Mpira wa maji wa waashi tuuache kwenye msingi wa nyumba: makosa yake ni makubwa kuliko kile mnachokitafuta hapa. Ukimaliza, angalia tofauti kati ya kushoto na kulia kwenye kila alama, halafu tofauti kati ya alama na alama inayofuata. Ya kwanza inakuambia mlingoti utaegemea kiasi gani, ya pili inakuambia utatikisika wapi.

Vilima vinasagwa kwa mashine ya kusaga betoni, kwenye mistari ya magurudumu tu, si sakafu nzima. Kujaza mabonde kwa sima (saruji) nyembamba ni falanga iliyotupwa. Mzigo wa richi ukiwa umesogezwa mbele, uzito mwingi unashuka kwenye magurudumu mawili madogo ya mbele, na tabaka la sima la sentimita moja linapasuka kama kaki ndani ya wiki chache. Viungo vya sakafu navyo vina ugonjwa wao: kingo zinamegeka, gurudumu linagonga kila likipita, kingo zinamegeka zaidi. Safisha kiungo, kijaze epoksi ngumu, kisawazishe na sakafu. Mpira laini wa kuzuia maji hausaidii kitu hapo.

Unene wa betoni usiuamini kwenye plani. Toboa na upime. Rafu yenye ngazi tatu za boriti, paleti mbili za tani moja kila ngazi, inabeba tani 6 kwa kila nafasi, yaani kati ya fremu na fremu. Fremu ya katikati inapokea nusu ya nafasi ya kushoto na nusu ya ya kulia, yaani tani 6, na ina miguu miwili. Kila mguu unasukuma tani 3 kwenye bamba dogo la chuma lisilozidi kiganja. Safu ya nyuma yake ina mguu mwingine wa tani 3 hapo hapo jirani. Betoni nyembamba juu ya udongo mwekundu uliolowa masika yote itazama, na rafu ikizama upande mmoja, vipimo vyote vya njia vimeharibika.

Kwa wanaofikiria tareti: huongozwa ama na reli za chuma zilizofungwa sakafuni pande zote mbili za njia, ama na waya uliozikwa kwenye mfereji mwembamba katikati. Waya unapendeza kwa kuwa sakafu inabaki tupu, lakini nondo za betoni zikiwa karibu mno na uso zinavuruga ishara yake na mashine inajizima katikati ya njia. Reli haina matatizo hayo. Kwa hali yetu, reli.

Vumbi nalo. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mji huu unakula vumbi, na depo zinazoweka chokaa, sima au unga wa mahindi huongeza la kwao. Vumbi kwenye sakafu laini linafanya gurudumu la kuendesha liteleze, na breki kuchukua mita nyingi zaidi. Lakini adui mkubwa wa magurudumu ya poliurethani ni vitu vidogo: msumari wa paleti iliyovunjika, na ule utepe wa plastiki wa kufungia mizigo. Utepe unajizungusha kwenye ekseli bila kelele, unapata joto, unakata sili, grisi inatoka, beringi inakufa. Fagia njia kabla ya kila zamu. Na kila jioni mtu apige magoti, aangalie magurudumu ya mbele kwa tochi na kisu.

Paleti zetu zinatoka kila mahali: Afrika Kusini, China, Ulaya, zote zimepita mpaka wa Kasumbalesa zikagongwa njiani. Kwenye depo moja unakuta 1200 kwa 1000, 1200 kwa 800 na 1100 kwa 1100. Amua moja kwa ajili ya rafu. Mizigo iliyokuja kwenye nyingine ihamishiwe juu yake mlangoni, kabla ya kuingia. Na mjue kwamba njia hupimwa kutoka mzigo hadi mzigo, si chuma hadi chuma. Mifuko 40 ya kilo 25 iliyovimba ikitokeza sentimita 5 kila upande, njia yako ya mita 2.8 imekuwa 2.7 bila mtu kusogeza rafu. Karatasi ya mashine inayosema mita 2.75 imehesabu paleti iliyonyooka na sentimita 20 tu za usalama. Ukiona 2.75, jenga 2.9.

Sasa umeme, na hapa Lubumbashi haihitaji utangulizi.

Betri ya risasi ya volti 48 na Ah 620, ya kawaida kwenye richi, ina karibu kWh 30. Hutumii zote: usishuke chini ya asilimia 20, kwa hiyo unazo kama 24. Kuzirudisha, ukihesabu joto linalopotea kwenye betri na kwenye chaja, andaa kWh 35 hivi. Kuchaji ni saa 8, halafu betri inataka kupoa kabla ya kazi. Delestaji (mgao wa umeme) ikikata umeme saa sita za usiku, asubuhi una nusu ya betri. Mukifanya hivyo siku kumi mfululizo, mnaiua. Betri iliyoachwa tupu zaidi ya siku moja huanza kupata salfeti kwenye sahani zake, na ugonjwa huo ukishakomaa hauponi. Ukichaji kwa jenereta, hesabu lita 11 au 12 za mazuti (dizeli) kila mara, na uziweke kwenye bei ya kuhifadhi paleti tangu mwanzo, usizigundue mwisho wa mwezi.

Maji ya betri huongezwa baada ya kuchaji, kamwe si kabla, kwa sababu asidi hupanda ikichajiwa. Ukijaza kabla, itamwagika na kula chuma cha sanduku. Ni maji safi ya betri peke yake. Ya bomba yana madini, ya mvua iliyopita kwenye bati yana kutu. Aliye na haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, asome: karibu 1.28 ni betri iliyojaa, 1.13 ni betri inayolia. Chumba cha kuchajia kiwe na matundu juu, karibu na paa, kwa maana haidrojeni hupanda, na ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Hakuna kuchomelea wala sigara humo.

Lithiamu inatatua mengi ya haya. Inachajiwa saa ya chakula, haitaki maji, haichukii kukatizwa. Kwa mji wenye umeme wa kukatika, tunaipendelea pale bajeti inaporuhusu. Ila kuna mtego mmoja. Betri ya risasi ina uzito wa karibu tani moja, na uzito huo ni sehemu ya usalama wa mashine. Ndiyo maana kibao cha mashine kinaandika uzito wa chini wa betri. Lithiamu ni nyepesi. Fundi akiibadilisha bila kuongeza vyuma vya kufidia hadi uzito wa kibao, ametengeneza mashine itakayopinduka.

Kwa madereva. Kibao kikisema kilo 1600 kwenye kitovu cha milimita 600, yaani katikati ya mzigo iko milimita 600 kutoka kisigino cha uma, hicho ni kipimo cha mzigo ulio chini. Juu hupungua: mashine hiyo hiyo inaweza kuandikwa 1100 kwenye mita 8. Soma mstari wa kimo chako, si namba kubwa ya juu. Kupanga paleti kwa richi kuna mwendo wake. Njoo na uma sentimita 15 hadi 20 kutoka chini, mlingoti umerudishwa. Geuka, simama kabisa mbele ya nafasi. Pandisha mlingoti ukiwa bado nyuma, hadi paleti ipite boriti kwa sentimita 10. Hapo ndipo unasogeza mlingoti mbele. Shusha polepole hadi paleti ikae, shusha kidogo tena ili uma ziwe huru, rudisha mlingoti wote, kisha shusha. Mashine haitembei mpaka uma zifike chini. Makosa tunayoyaona ni mawili: kupandisha huku mlingoti umetolewa, na kuanza kurudi nyuma huku uma bado ziko ngazi ya pili. La kwanza linainamisha mashine, la pili linang'oa boriti. Dereva wa klarki wa miaka mingi asikabidhiwe richi siku hiyo hiyo. Kuna aina ambazo usukani wake hugeuza kinyume cha alivyozoea, na mkono wa mazoea ni wa haraka kuliko akili.

Na watu wa miguu: mahali ambapo hakuna nusu mita tupu kila upande wa mashine, mtu haingii njiani mashine ikiwamo. Kwenye tareti hilo linamaanisha njia yote, siku zote. Mnyororo mlangoni mwa njia, si kibandiko. Kwenye tareti inayompandisha dereva pamoja na mzigo, avae mkanda wa mwili, na kuwe na kamba ya kumshusha endapo umeme wa mashine utakatika akiwa juu, na awe ameshaifanyia mazoezi.

Rafu iliyogongwa ipimwe kwa rula iliyonyooka ya mita moja. Mguu uliopinda kuelekea ndani au nje ya njia usizidi milimita 3. Uliopinda kufuata urefu wa njia, 5. Vile vyuma vya mshazari vya fremu, 10. Ukizidi, usipakie tena nafasi hiyo mpaka itengenezwe. Ukizidi mara mbili, ondoa mizigo sasa hivi, leo. Kuunyoosha mguu kwa nyundo au moto hakuruhusiwi. Chuma kile kilikunjwa baridi na nguvu yake iko kwenye umbo lake.

Basi, tununue ipi? Hangari ya zamani, paa la mita 6, sakafu ya wastani, uani kuna changarawe na kamyo zinashushwa nje: ya kiungo. Hangari yenye mita 8 au 9, mizigo mingi, sakafu nzuri, na klarki ya uani mnayo tayari: richi. Tareti tunamshauri yule tu anayejenga upya, anayemwaga betoni yake kwa vipimo vya mashine na anayekwenda mita 10 au zaidi. Asiyejenga, aiache.

Wengi mtanunua mashine iliyotumika, kupitia Dar es Salaam au Durban. Msilipe kabla ya haya. Pima mnyororo wa mlingoti: urefu uliokuwa milimita 1000 ukiwa 1030, mnyororo umekwisha. Pima unene wa uma kwenye kisigino. Wa milimita 40 ukibaki 36, utupe. Pandisha mzigo kamili, subiri dakika 10. Ukishuka zaidi ya sentimita 10, sili za silinda au vali zinavuja. Soma tarehe iliyogongwa kwenye betri, si ile anayosema muuzaji. Na muulizeni swali ambalo wachache huliuliza: nywila ya kompyuta ya mashine iko wapi? Mashine nyingi za siku hizi hazifuti hitilafu bila programu ya mtengenezaji. Sensa ya dola chache ikifa, mashine nzima inasimama mpaka mtu mwenye kompyuta afike. Mwisho, agizeni magurudumu ya akiba kwenye kontena lile lile: seti mbili za mbele na moja la kuendesha.

Wenye plani za depo zao wazilete hapa mezani, na wale mliopima sakafu mje na namba zenu. Maswali sasa.